Nyuma ya Datsun 240Z: Usilishushe Bado

Pini mbili za chuma ndizo zitakazoamua kama kazi hii itakuchukua Jumamosi moja au mwezi mzima. Zimelala chini, moja kila upande, zimepita ndani ya tako la mguu wa shokapu na kuushika mkono wa chini wa gurudumu la nyuma. Hata 240Z changa kuliko zote sasa imetimiza miaka hamsini, na katika muda huo kutu imezishika pini hizo kwa nguvu. Ukiagiza springi nzuri, shokapu nzuri na bushi mpya kabla ya kujua kama pini zitatoka, umeanza kazi kinyumenyume. Nitazirudia baadaye kwa kirefu, maana ndizo kazi yenyewe.

Gari hili halihitaji utambulisho mrefu Afrika Mashariki. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari Rally wakiwa na 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akishirikiana na Lofty Drews, alishinda tena kwa gari la aina hiyohiyo, baada ya kufungana pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun ya aina nyingine. Leo bado utaziona 240Z kwenye East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza mwaka 2003. Tazama picha za lile gari la 1971: limesimama wima juu ya magurudumu yake, halikulala chini.

Nalisema hilo mapema kwa sababu maelekezo mengi utakayokutana nayo yameandikwa na watu wanaoendesha kwenye lami safi za California au kwenye viwanja vya mbio vya Uingereza. Kwao kurekebisha saspensheni maana yake ni kulishusha gari. Kwako wewe unayetoka Nairobi kwenda Naivasha, au Arusha kwenda Moshi, na kukutana na matuta yasiyo na alama, shimo moja baada ya mvua na kipande cha changarawe, ushauri huo utaligharimu gari lako kitu cha thamani kuliko vyote lilivyonavyo nyuma: nafasi ya gurudumu kupanda na kushuka. Kila badiliko utakalofanya ama linakula nafasi hiyo ama linaitunza. Ukilipima kila wazo kwa kipimo hicho, maswali mengi yatajijibu.

Tuanze na jinsi sehemu hii ilivyoundwa, maana si kama ya magari mengi ya umri wake. MGB, kwa mfano, ina ekseli nzima inayokaa juu ya springi za majani. Nyuma ya 240Z kila gurudumu linajitegemea. Kuna mguu mmoja mrefu wa shokapu wenye springi juu yake. Chini mguu huo umeungana na nyumba ya beringi za gurudumu, juu umefungwa kwenye bodi kwa nati tatu. Mkono mmoja mpana wa chini unazuia gurudumu lisiende mbele, nyuma wala pembeni. Difu imefungwa kwenye bodi, haipandi wala haishuki na magurudumu. Shafti mbili za pembeni zenye krosi kila mwisho na meno ya kuteleza katikati ndizo zinazopeleka nguvu. Hakuna kingine. Ni muundo rahisi, mwepesi, na una mwendo mrefu wa gurudumu kuliko magari mengi ya michezo ya wakati wake.

Lakini urahisi huo una bei yake. Hakuna mahali pa kurekebishia kemba, yaani ule mlalo wa gurudumu kuelekea ndani au nje kwa juu, wala mahali pa kurekebishia uelekeo wa tairi za nyuma. Kiwanda kilitegemea bushi nzima na bodi iliyonyooka. Bushi zikichoka, gurudumu la nyuma huanza kujigeuza lenyewe kila ukikanyaga mafuta au breki, na dereva huhisi kama kuna mtu anamsaidia usukani bila kuombwa.

Ndiyo maana nusu ya wanaolalamika kwamba 240Z yao inayumba nyuma hawahitaji mabadiliko yoyote, wanahitaji matengenezo. Kabla ya kununua chochote, liinue gari, liweke juu ya stendi nne imara, kamwe lisikae juu ya jeki peke yake, kisha ulikague nyuma kwa taa na upau wa chuma.

Shika gurudumu saa sita na saa kumi na mbili, litikise. Ukisikia mchezo, tafuta kama unatoka kwenye beringi au kwenye bushi za chini. Mwenzako aweke mkono kwenye bushi wakati wewe unatikisa. Zungusha shafti za pembeni mbele na nyuma ukisikiliza krosi. Kisha nenda kwenye difu. Mbele imeshikwa na raba moja nene, nyuma na upau uliopinda mithili ya masharubu wenye bushi zake. Raba ya mbele hupasuka, kwa sababu kila unapoondoka kwa nguvu pua ya difu hutaka kupanda juu. Ule mlio wa "ko!" unaousikia ukiachia klachi mara nyingi hutoka hapo, si kwenye gia boksi, na watu wameshafungua gia boksi bure. Ingiza upau chini ya pua ya difu, sukuma juu: ikinyanyuka kirahisi, raba imekufa.

Halafu kutu. Gari lililokaa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam karibu na bahari likaguliwe kwa ukali zaidi. Gonga kwa ncha ya bisibisi sehemu ambazo mikono ya chini imefungwa kwenye bodi, na zile pembe za juu zinakoingia nati tatu za shokapu. Sauti kavu ya chuma ni nzuri. Sauti ya kopo au bisibisi kuzama ni habari nyingine. Bodi ya gari hili ni ya bati jembamba, na springi ngumu zaidi zinapeleka nguvu zaidi kwenye bati hilohilo. Ukikuta kutu hapo, kazi ya springi isubiri mpaka mchomeleaji amalize yake.

Kuna jambo jingine la kujua kuhusu gari lako kabla hujaagiza vipuri: lilitengenezwa lini. Katika mwaka 1971 Nissan ilisogeza difu nyuma kwa milimita 35 ili shafti za pembeni zinyooke zaidi. Magari ya kabla ya hapo yana shafti zilizopinda kidogo kuelekea nyuma hata yakiwa yamesimama, na krosi zake huchoka haraka. Upau wa nyuma wa difu nao umbo lake si moja katika matoleo hayo mawili. Mwambie muuzaji mwezi na mwaka wa gari, si jina la modeli tu.

Sasa pini. Toa gurudumu, fungua bomba la breki na kebo ya breki ya mkono ili zisivutike, shusha shafti ya pembeni. Utaiona pini imelala kwa urefu wa gari, imepita kwenye bushi ya mbele ya mkono, kwenye tako la mguu wa shokapu, kisha bushi ya nyuma. Katikati kuna bolti ndogo inayoingia kwa pembeni na kuifunga pini isisogee. Hiyo ndiyo ya kwanza kutoka. Legeza nati yake, iache imeshika kwa nyuzi chache, igonge taratibu mpaka bolti isogee, ndipo uiondoe kabisa. Mtu akisahau bolti hii anaweza kuigonga pini kutwa nzima isisogee hata kidogo, na hatimaye akaharibu vyote viwili. Kabla ya kuvuta chochote, piga alama kuonyesha upande wa mbele wa pini na mahali pengo la bolti lilipo. Pini hairudi vyovyote vile.

Paka mafuta ya kulegeza kutu siku kadhaa mapema, asubuhi na jioni, pande zote mbili za tako na kwenye tundu la bolti. Kisha usipige ncha ya pini kwa nyundo. Nalisisitiza kwa sababu ndilo jambo la kwanza ambalo mkono unataka kufanya. Ncha ina nyuzi. Pigo la tatu linaitanua kama uyoga, na tangu hapo haiwezi kupita kwenye tundu lolote. Kifaa kizuri cha kuivuta pini kinatengenezwa kirahisi na fundi wa lezi: bomba nene linaloegemea tako au bushi, bolti ndefu yenye nguvu iliyounganishwa na nyuzi za pini kwa nati ya kuungia, na washa nene. Unakaza nati, pini inavutwa. Ikikataa, pasha tako la mguu kwa gesi, si pini. Tako likipanuka pini hulegea. Lakini kabla ya gesi, toa kila kitu cha mpira kilicho karibu, katriji ya shokapu itoke kwenye mguu, na usiwe karibu na tangi. Katriji iliyofungwa ikipata moto ni hatari kweli.

Zipo pini zinazokataa hata hivyo. Hapo usipoteze wiki. Ingiza msumeno wa chuma kati ya tako na bushi ya kila upande, kata pini vipande vitatu, toa mkono, upeleke mguu kwa mwenye presi ya haidroliki akisukume kipande kilichobaki kwenye tako. Pini mpya zinapatikana, na nakushauri uwe nazo mkononi kabla hujaanza, hata kama unaamini zako zitatoka salama. Wakati wa kurudisha, paka grisi ya kuzuia kutu kwenye pini yote. Anayefuata kuifungua, pengine ni wewe mwenyewe, atakushukuru.

Ukishavuka hapo, bushi zilizobaki ni jambo la kuchagua. Raba za kiwandani huchukuliwa na wengi kuwa za watu waoga. Mimi si wa kundi hilo. Raba hunyonya kelele na mitikisiko midogo, haihitaji grisi, na vumbi haliisumbui. Poliyurethani hushikilia gurudumu kwa usahihi zaidi, hudumu, lakini hupiga kelele ikikosa grisi yake maalumu, na kwenye vumbi letu grisi hiyo huisha mapema. Viungo vya chuma vya mviringo, wanavyofunga wenye magari ya mbio, ni sahihi kuliko vyote, na barabarani vumbi la murram linavisaga. Kwa gari la barabara za mchanganyiko, weka poliyurethani kwenye mikono ya chini ukipenda, mpira mpya kwenye difu, na hapo pametosha. Ukichagua poliyurethani, soma maelekezo ya seti uliyonunua kabla ya kuingiza: katika baadhi ya seti ganda la chuma la bushi ya zamani linatolewa, katika nyingine linabaki. Kukosea hapo kunakupa bushi inayocheza tangu siku ya kwanza.

Shokapu. Kwenye 240Z mguu ni bomba, na shokapu ya kisasa huingia ndani yake kama katriji kamili. Klampu mbili za springi, moja kila upande, zibane springi mpaka iache kusukuma kiti cha juu. Ndipo ufungue nati ya juu. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja taya la mtu, kwa hiyo klampu ziwe nzima, nyuzi zipakwe mafuta, na uso wako usiwe juu ya mguu. Kisha fungua nati kubwa ya mdomo wa bomba. Nayo hushikwa na kutu. Fundi mwenye spana ya mnyororo ataifungua bila kuiharibu. Ukimwaga mafuta ya zamani, safisha bomba mpaka chini, maana takataka kidogo huinua katriji na nati haitakaza. Mimina mafuta ya injini kidogo ndani kabla ya kuingiza katriji mpya: yanajaza pengo na kupeleka joto la shokapu nje kwenye bomba. Usijaze mpaka juu.

Pima urefu wa katriji na wa bomba kabla ya kufunga. Nati ya mdomo lazima ikandamize katriji, isiache nafasi hata ya unywele. Ikiwa katriji ni fupi, weka kipande cha bomba cha kujazia chini yake, kilichokatwa sawasawa.

Springi ndipo penye utajiri wa makosa, na penye hesabu ndogo ambayo wengi huikimbia ilhali ni ya darasa la saba. Kuna kipimo kimoja kinachoeleza springi kuliko "laini" na "ngumu": gari lingepanda na kushuka mara ngapi kwa sekunde kama lisingekuwa na shokapu. Gari la starehe liko karibu na mara 1 hadi 1.3. Gari la michezo la barabarani, 1.5 hivi. Ukifika 2 uko kwenye gari la uwanja wa mbio.

240Z ina uzito wa kilo 1,040 hivi ikiwa na mafuta, na uzito huo umegawanyika karibu nusu kwa nusu mbele na nyuma. Kila gurudumu la nyuma linabeba basi kilo kama 260. Ondoa vile visivyokaa juu ya springi, yaani gurudumu, breki, nyumba ya beringi na sehemu ya mkono, tuseme kilo 35, unabaki na 225. Chukua mara unazotaka kwa sekunde, zidisha kwa 6.28, jibu ulizidishe kwa lenyewe, kisha kwa 225, halafu ugawanye kwa 1,000. Kwa 1.5 unapata karibu nyutoni 20 kwa milimita. Kwa 1.8 unapata 29 hivi. Kwa 2 unapata 35 na nusu. Muuzaji wa Marekani atakuandikia pauni kwa inchi. Gawanya nyutoni kwa 0.175, yaani 20 ni pauni kama 114, na 35 ni kama 200. Mguu wa shokapu unaegemea ndani kidogo, kwa hiyo springi yenyewe iwe ngumu zaidi kwa asilimia chache tu. Gari lako likiwa na injini nyingine au tangi kubwa, lipime kwenye mizani ya kupimia magari, uweke namba zako.

Sasa uone namba hizo zinasema nini kuhusu nafasi. Springi ya 20 chini ya kilo 225 hujibana sentimita 11 gari likiwa limesimama. Maana yake gurudumu likikuta shimo, springi inaweza kulifuata chini kwa sentimita hizo zote, kama shokapu ina urefu huo. Springi ya 35 hujibana sentimita 6 na kidogo tu. Gurudumu la gari hilo haliwezi kufuata shimo. Linaruka juu yake, na tairi inayoruka haina mshiko. Upande wa mzigo nao kuna bei: kilo 80 za mizigo na tairi za akiba juu ya ekseli ya nyuma zitalishusha gari la springi za 20 kwa sentimita 2, na la 35 kwa sentimita 1. Kati ya hizo mbili, kwa barabara zetu, mimi ningekaa kati ya 20 na 25 na kulipa tofauti kwenye shokapu nzuri. Ugumu wa springi unanunuliwa kwa bei rahisi. Shokapu inayoidhibiti springi ndefu ndiyo ya gharama, na ndiyo inayofanya gari lijisikie jipya.

Kukata springi ya zamani ni swali linaloulizwa kila wiki. Inawezekana kwa springi hizi kukata nusu koili au koili moja kwa msumeno, na kila koili unayoondoa inaifanya springi iwe ngumu kidogo: ya koili nane zinazofanya kazi ikibaki na saba, ugumu hupanda kwa asilimia 14. Kilichokatazwa ni gesi. Kuipasha springi moto mpaka ishuke kunaua ugumu wa chuma, na itaendelea kushuka yenyewe miezi yote inayofuata. Tena ncha iliyokatwa lazima ikae vizuri kwenye sahani yake. Ncha inayoning'inia itakula sahani na siku moja itaruka.

Urefu wa gari unabadilisha zaidi ya sura. Kwenye muundo huu, mkono wa chini ukiwa umeinamia nje kidogo, gurudumu likipanda huvutwa na kulala ndani kwa juu, na hilo ndilo unalolitaka kwenye kona. Ukilishusha gari mpaka mkono umelala sawa au umeinuka kuelekea nje, faida hiyo inakwisha, kisha inageuka: gurudumu likipanda zaidi linalala nje. Isitoshe, ile nukta ambayo bodi huizunguka wakati wa kona hushuka haraka kuliko uzito wenyewe, kwa hiyo gari lililoshushwa sana linaweza kulala zaidi kwenye kona kuliko la urefu wa kiwandani. Mwenye gari hushangaa, anaweka springi ngumu zaidi, na mduara unaanza.

Anayetaka kushusha kweli, kwa ajili ya uwanja wa mbio au lami pekee, afanye kazi kamili: akate kipande cha bomba la mguu kulingana na kiasi atakachoshusha, mara nyingi sentimita 4 au 5, alichomelee tena likiwa limenyooka kwenye fremu, na aweke katriji fupi inayolingana. Bila hivyo pistoni inabaki karibu na mwisho wake, na kwenye kila tuta inagonga mpira wa kizuizi, na bei yake inalipwa na kiti cha juu na bati la bodi. Kazi hiyo ya kuchomelea isifanywe na mtu anayejaribu kwa mara ya kwanza. Uzi huo wa kuchomelea ndio unaoshika gurudumu.

Kwa kuinua, sentimita 2 au 3 zinatosha kabisa kwa safari za changarawe, na zitoke kwenye springi ndefu kidogo, si kwenye vipande vya kuongezea vilivyorundikwa juu. Kumbuka kwamba unapoliinua, nafasi ya gurudumu kushuka ndiyo inayopungua, na shafti za pembeni zinainama zaidi. Magari ya mwanzo wa 1971 na kabla yake, yenye difu iliyoko mbele zaidi, yasiinuliwe bila kuangalia krosi kwa makini.

Sasa hatua ambayo karibu kila mtu huiruka, na ambayo mimi nisingekubali gari litoke gereji bila kuifanya. Kabla ya kufunga springi, rudisha mguu na mkono bila springi, na shafti ikiwa mahali pake. Weka jeki chini ya habu. Inua gurudumu polepole kutoka mwisho wa chini hadi mpira wa kizuizi ujibane. Katika mwendo huo wote, zungusha habu kwa mkono na uangalie: krosi zinagusa au zinakwama? Meno ya kuteleza ya shafti yana nafasi mwanzoni na mwishoni, au yamefika ukingoni? Bomba la breki linavutika gurudumu likiwa chini? Tairi inagusa bati la ndani gurudumu likiwa juu? Eksozi iko wapi? Andika urefu wote wa mwendo huo, na ni sentimita ngapi zipo juu na chini ya urefu utakaoliwekea gari. Ukikuta shafti inafika mwisho kabla ya shokapu, usiendelee. Shafti inayosukuma difu kwa ndani inaweza kuvunja vitu ghali sana kwenye tuta la kwanza.

Kuhusu stebilaiza ya nyuma, sitaandika mengi. Inaunganisha gurudumu la kushoto na la kulia, ambayo ni kinyume cha ulichokuwa unakitafuta, na kwa difu ya kawaida inalifanya gurudumu la ndani lipoteze mshiko ukitoka kwenye kona. Ikiwa mbele kumekazwa vizuri, gari la barabarani linaishi vizuri bila hiyo.

Wakati wa kufunga, nati za bushi za raba zisikazwe huku magurudumu yananing'inia. Raba imegandishwa kwenye chuma pande zote. Ukiikaza gari likiwa juu, likishuka raba itakuwa imejipinda daima, itaongeza ugumu usiouhitaji na kupasuka mapema. Zifunge kidogo tu, shusha gari kwenye magurudumu yake juu ya njia za kupandia, likiwa na tangi nusu na kitu cha uzito wa dereva kwenye kiti, litikise, kisha ukaze kwa toki renchi kwa vipimo vya kitabu cha kiwanda. Bushi za poliyurethani hazina tatizo hili. Nati kubwa ya ekseli ndogo ya gurudumu inahitaji nguvu kubwa sana. Ukiwa na toki renchi ndogo, azima kubwa.

Kisha pima uelekeo wa magurudumu kwa kamba kabla hata ya kwenda kwenye mashine. Simamisha stendi nne, funga kamba mbili ndefu sambamba na gari pande zote, umbali wa kushoto na wa kulia ukiwa sawa kwenye vituo vya habu za mbele, na vivyo hivyo kwenye vya nyuma. Pima kutoka kamba hadi ukingo wa mbele na wa nyuma wa rimu. Nyuma unataka magurudumu yaelekee ndani kidogo mbele, jumla milimita 1 hadi 3. Yakielekea nje gari litateleza nyuma kila ukiachia mafuta ghafla. Kama tofauti ya kushoto na kulia ni kubwa, usikimbilie mikono ya kurekebishika, ambayo inauzwa na ni mizuri. Tafuta kwanza kama bodi imeshawahi kugongwa. Ukishathibitisha bodi iko sawa, mikono hiyo itakupa uwezo ambao kiwanda hakikukupa, kwa kemba na kwa uelekeo.

Linganisha breki, toa hewa ikiwa ulifungua bomba la breki, rekebisha breki ya mkono. Safari ya kwanza iwe ya barabara unayoijua, bila abiria, spidi ndogo, ukisikiliza. Funga kamba nyembamba ya plastiki kwenye fimbo ya shokapu kabla ya kuondoka, mahali unapoweza kuifikia. Itasukumwa mpaka kiwango cha juu kabisa gurudumu lilipofika, na ukirudi itakuonyesha ni nafasi kiasi gani imebaki. Ikiwa imefika kwenye mpira wa kizuizi kwenye barabara ya kawaida, springi ni laini mno au gari liko chini mno. Ikiwa imebaki sentimita 5 au zaidi hata baada ya changarawe, una nafasi ya kuilainisha.

Baada ya kilomita 300 hivi lirudishe juu ya stendi. Kaza tena nati tatu za juu, bolti za kufungia pini, bolti za shafti na za difu. Springi mpya hujishusha kidogo mwanzoni, kwa hiyo pima tena urefu kutoka ukingo wa bodi hadi katikati ya gurudumu, kila upande, na uandike namba hizo ndani ya kitabu cha gari pamoja na ugumu wa springi, aina ya katriji na tarehe.